Uainishaji wa Viumbe wa Kundi la Mazishi

Mtafiti anayetaka kuzijua jamii za Meru na Embu si lazima apande Nchiru, kwenye makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, wala apige kambi karibu na kiwanda cha chai cha Rukuriri. Aombe tu kuingizwa katika kundi la WhatsApp la mazishi. Humo atawakuta viumbe wote, kuanzia Maua hadi Kiritiri.

Spishi ya kwanza ni Admini. Huibuka saa chache baada ya msiba, huweka picha ya marehemu, kisha huingiza watu bila kuwauliza. Wengi humdhania mkubwa. Sayansi yetu inakataa.

Mkubwa ni Mweka Hazina, mwenye nambari ya M-Pesa. Kabla ya huduma hiyo kuanza Machi 2007, mtoaji wa kidogo aliikunja noti ndani ya ngumi akaitumbukiza kikapuni, na Mungu pekee ndiye aliyejua. Leo ngumi haina kazi, kwa sababu kuna Orodha.

Orodha inastahili kitivo chake chuoni. Kila anayetuma huinakili, huongeza jina na kiasi, kisha huirudisha kundini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, huzaliwa orodha mbili zinazofanana hadi namba 41, halafu zinaachana kama nyumba mbili za mke mkubwa na mke mdogo. Wa 42 wa orodha hii hayumo katika ile. Kufikia saa tatu usiku ametoka kundini, na shemeji zake wawili wamemfuata. Ndipo Mweka Hazina huandika: “Kuna waliotuma hawajajiandika, na kuna waliojiandika hawajatuma.” Hakuna anayejibu.

Yupo pia Mwenye Ahadi (“niandikeni 2,000”), ambaye bonasi yake ya chai haijawahi kuingia. Yupo wa Marekani, anayeamka sisi tukilala na kuhoji bei ya hema.

Suala la idadi lina utata. Mwaka 2016 WhatsApp iliruhusu watu 256 kwa kundi. Ukoo uliozidi hapo ulifungua Kundi B, na hivyo mhandisi wa California akaamua nani ni ndugu wa karibu, kazi iliyokuwa ya wazee. Mwaka 2022 nafasi zikafika 1,024. Wa Kundi B hawakurudi; tayari walikuwa na mwenyekiti wao.

Spishi ya mwisho haionekani kundini kabisa. Ni mzee mwenye simu ya mulika mwizi, anayepigiwa simu baada ya wengine kujadiliana siku tatu. Yeye ndiye husema kaburi litachimbwa lini na wapi, na safari hii amesema Alhamisi, chini ya mparachichi. Basi ukituma, ongeza ya kutolea, na tafadhali nakili orodha ya mwisho.