Kiko Kipya na Haraka za Mwenyewe

Kiko kipya cha mti hakivutiki vizuri, hata kama kimenunuliwa kwa bei ya mbuzi. Kichwa chake hakijaonja moto, na kuta za ndani zikiguswa na kaa kali huungua kabla ya tumbaku yenyewe. Moshi wa kwanza, kwa hiyo, una ladha ya ubao, vanishi na majuto.

Dawa yake ni kukizoesha. Tumbaku inapoungua huacha masizi, na masizi yakigandamana kwenye kuta hufanya utando mgumu unaoukinga mti. Unene wa kama milimita moja unatosha. Ukizidi sana, utando hutanuka kwa joto na kukipasua kichwa. Ili utando huo ushike sawasawa, mara za mwanzo kichwa hujazwa theluthi tu, baadaye nusu, kisha chote. Tumbaku huvutwa polepole mpaka ya chini kabisa iishe, na kiko hupumzishwa siku nzima kikauke.

Hapo kwenye subira ndipo wengi wanaposhindwa. Mtu aliyenunua kiko mnadani Mugumu asubuhi anataka watu wa mnada wamwone nacho kabla ng'ombe hawajaondoka. Anakijaza pomoni, anashindilia kwa kidole gumba, anavuta. Hakuna kinachopita. Anavuta tena mpaka mashavu yanaingia ndani na macho yanatoka nje, na wasamaria wema wanaanza kuulizana kama kuna aliyemwona akila samaki. Akilegeza kwa hasira, mvuto unaofuata unamletea kinywani chembe zote za tumbaku. Kanuni yenyewe si ngumu: tumbaku ya chini iwe legevu, ya kati ishikane kidogo, ya juu ndiyo ikazwe.

Kuwasha nako ni kwa awamu mbili. Moto wa kwanza huyafanya majani ya juu yajikunje na kuinuka. Hugandamizwa taratibu, ndipo moto wa pili uwekwe. Anayeruka awamu hii huachiwa kaa linaloinuka, linatafakari kidogo, kisha linaangukia kifuani. Katika vilima vya Tarime upepo nao una maoni yake, na kasha zima la kiberiti linaweza kwisha tumbaku haijashika. Wazee waliligundua hilo zamani, wakaamua kutumia kaa la jikoni, ambalo upepo huliongezea nguvu badala ya kulizima. Mzee hulichukua kwa vidole, bila haraka, huku akiendelea na mazungumzo. Kijana anayemwiga hulirusha kutoka kiganja hadi kiganja, na likifika kwenye kiko huwa limeshazimika.

Wapo wanaofupisha njia kwa kupaka asali nyembamba ndani ya kichwa ili masizi yashike upesi. Mbinu hiyo ni ya kweli na hutumika duniani kote. Ila asali haichagui wageni: kiko kilichopakwa usiku na kuachwa dirishani hukutwa asubuhi kina sisimizi, na haifai kukiwasha kabla hawajahama.

Tumbaku inayotiwa ina uzito wake katika mkasa. Ya mvuke, inayokaushwa mabanini kama huko Urambo mkoani Tabora, ina sukari nyingi. Ikivutwa kwa pupa huungua kwa joto kali na kuuchoma ulimi. Jani la kienyeji lililokaushwa kivulini lina sukari kidogo lakini moshi wake una ualkali, hivyo nikotini hupenya hata kwenye ngozi ya kinywa. Ndiyo maana anayejigamba kwamba hamezi moshi hupatwa na kwikwi, jasho baridi, na hamu ya ghafla ya kukaa chini. Saratani ya kinywa na koo nayo haiulizi kama moshi ulimezwa. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilikataza kumuuzia mwenye umri chini ya miaka 18 na ikabana uvutaji mahali pa hadhara, jambo linalompunguzia mtu wa mnada watazamaji.

Kiko kikishazoea, raha yake kubwa ni muda. Katika ritongo, yaani baraza la jadi, mzee aliyeulizwa swali gumu kuhusu mpaka wa shamba anaweza kukikung'uta, kukijaza na kukiwasha mara mbili kabla ya kujibu, na hakuna wa kumharakisha. Mwenye sigara hana nafasi hiyo.

Kusafisha hufanywa kwa unyoya wa kuku unaopitishwa kwenye bomba, kiko kikiwa kimepoa. Bomba likichomolewa kikiwa bado cha moto, mti hupasuka au bomba halikazi tena. Kiko kinachokoroma kina maji ndani, na kukipuliza kwa nguvu kunamlowesha aliyekaa mbele, ambaye kwa desturi huwa ni mkwe.

Anayechoshwa na mafunzo haya angekuwa na njia nyingine. Katika miaka ya 1950, kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilianza kutengeneza viko kwa sepiolaiti, madini meupe na mepesi yanayopatikana Sinya na Amboseli. Viko hivyo vyenye alama ya tembo viliuzwa hadi ng'ambo kwa jina la Kiko. Sepiolaiti haiungui, kwa hiyo haihitaji kuzoeshwa; hubadilika tu rangi kutoka nyeupe hadi hudhurungi kadiri inavyovutwa. Kiko cha jiwe la Kisii ni habari nyingine: kizito, hupata joto haraka, na kinapendeza zaidi kikiwa rafuni.

Majivu yamwagwe kwenye udongo mtupu na kuzimwa kwa maji. Kati ya Juni na Oktoba nyasi za Serengeti ni kavu mno, na moto wa kiko huko hausubiri kuwashwa mara mbili.