Bosi Kaona Saa Dodoma

Bosi wangu akienda Dodoma, mimi huogopa kurudi kwake kuliko ninavyomwogopa mkaguzi wa hesabu. Wenzake wakitoka huko huleta zabibu. Yeye huleta mawazo. Safari hii alirudi na wazo kwamba semina zetu za Mkoa wa Pwani zinaharibika kwa sababu wazungumzaji hawaoni muda. Huko alikokuwa, kulikuwa na saa kwenye kona ya slaidi, inahesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane, mpaka sifuri, na mzungumzaji anaketi bila kuvutwa shati.

"Mzee, wewe ndiye mtu wa kompyuta hapa," akaniambia. "Semina ya Kisarawe nataka ile kitu iwepo."

Mimi ni mtu wa masjala. Nimeajiriwa kupokea majalada, kuyapa namba na kuyapeleka yanakotakiwa. Utu wa kompyuta nilipewa siku nilipomwondolea mtu ukurasa mtupu katikati ya ripoti yake, na ofisini kwetu hakuna utaratibu wa kumvua mtu cheo kisicho na posho.

Nilijaribu kumweleza kwamba saa ipo tayari, wala haihitaji kutafutwa. Ukifungua slaidi zako ukabonyeza Alt na F5, laptopu inakupa mwonekano wa mzungumzaji: slaidi ya sasa, inayofuata, maelezo yako ya pembeni, na juu yake dakika ulizokwisha kutumia. Ukutani watu wanaona slaidi peke yake. Bosi akaangalia, akatikisa kichwa.

"Sasa washiriki wataionaje?"

"Hawaioni. Anaiona mzungumzaji."

"Mzungumzaji si ndiye tatizo lenyewe?"

Hapo nilikosa jibu. Tukaanza kutafuta programu jalizi.

Kwa ambaye hajakutana na jalizi, na namwonea wivu, hiki ni kiprogramu kinachopachikwa juu ya programu nyingine ili ifanye jambo ambalo walioitengeneza hawakulifikiria, au walilifikiria wakaona halina maana. PowerPoint yenyewe ilianza kwa adabu. Robert Gaskins na Dennis Austin waliitoa mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, nyeusi na nyeupe tupu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa karatasi angavu za kuweka juu ya ile mashine ya taa. Mwaka huohuo Microsoft wakainunua kampuni yao, Forethought, kwa dola milioni 14. Wangeishia hapo, mimi leo ningekuwa napanga majalada.

Badala ya jalizi, nilimtajia bosi kengele. Mji wetu huu wa Kibaha umekuzwa na elimu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa mradi wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, na miaka yote hiyo kipindi kimekuwa kikiisha kengele ikigongwa. Kengele haiulizi toleo. Bosi akasema hizo ni fikra za masjala.

Jalizi la kwanza nililipakua kwa bando langu mwenyewe. Likagoma kufunguka. Hili lina sababu, na sababu yenyewe si mbaya: Windows hulipiga muhuri kila faili linalotoka kwenye intaneti, na tangu mwaka 2022 programu za ofisi hukataa kabisa kuendesha makro zilizomo kwenye faili lenye muhuri huo, kwa kuwa huko ndiko wezi walikokuwa wakipitia. Ili kuuondoa unabofya faili kwa upande wa kulia wa kipanya, unafungua sifa zake, na chini kabisa, mahali ambapo jicho la mtu mzima halifiki, kuna kiboksi cha kuondoa kizuizi. Mimi hilo nililijua baadaye. Kabla ya hapo bosi alikuwa ameshaagiza kompyuta ipelekwe kwa fundi, Maili Moja.

Fundi ni kijana mwenye adabu, amebanwa katikati ya mashine ya kudurufu na ubao wa picha za pasipoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna jalizi hapa linagoma."

Hakuuliza jalizi ni nini. Akaiwasha, akaizima, akapumua. "Hapa mzee wangu, tupige windo."

Kupiga windo, yaani kufuta mashine na kuweka Windows upya, ndiyo panadoli ya Maili Moja. Mashine nzito, piga windo. Sauti haitoki, piga windo. Kipanya kimeisha betri, naye atakwambia tupige windo kwanza tuone. Nilikataa, kwa sababu ndani ya mashine ile mna barua za idara ambazo nakala yake nyingine iko kichwani mwa mtu aliyestaafu. Basi akachukua faili, akalihamishia kwenye flashi yake, akalirudisha, likafunguka! Akanitazama kama mganga. Siri yake ni kwamba ule muhuri hukaa kwenye diski zilizopangwa kwa mfumo wa NTFS. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, ambayo haina pa kuubeba, kwa hiyo faili likipanda flashi na kushuka linashuka safi. Flashi ile ilishusha pia kirusi kilichogeuza mafolda yetu yote kuwa njia za mkato, lakini hilo fundi alisema ni kazi nyingine na lina bei yake.

Jalizi likafunguka, likawekwa, halikuonekana. Lingekataa ningelielewa. Hili lilisema limekamilika, likanishukuru, likatoweka. Kumbe majalizi ya aina fulani lazima yalingane na programu mama: mama akiwa wa biti 32 na mtoto wa biti 64, hawaongei, na hakuna anayekuambia kuwa hawaongei. Nikatafuta la biti 32. Likatokea! Saa ikaja kwenye kona, nyekundu, inapungua vizuri. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi haipo. Binti wa mafunzo kwa vitendo alikuwa amefungua slaidi, programu ikaganda, akaifunga kwa nguvu, na ilipowaka tena ikamwuliza kama angependa kulizima jalizi lililoleta tatizo. Akabonyeza ndiyo. Simlaumu, sote tunabonyeza ndiyo. Ila jalizi lililozimwa hivyo haliko tena kwenye orodha ya walio kazini. Linapelekwa kwenye orodha ya waliozuiwa, ambayo imefichwa ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu, na usipojua kwamba iko huko unaweza kuliweka upya hadi Idi, lisiwake.

Nilipolitoa kifungoni, bosi alifurahi sana, akazituma slaidi Kisarawe kwa barua pepe ili wenyeji wajiandae. Nilimwambia mapema kwamba jalizi hukaa kwenye mashine, halikai kwenye slaidi. Ukituma slaidi, saa inabaki Kibaha. Akasema nisiwe na roho ya kukatisha tamaa.

Kesho yake simu ikaita. Ni mwenyeji wetu wa Kisarawe, mtu wa rika langu, naye cheo cha kompyuta kilimwangukia kwa ajali kama yangu.

"Habari za Kibaha?"

"Njema. Za Kisarawe?"

"Mvua tu huku."

"Huku jua kali."

"Haya. Mzee mwenzangu, saa ya bosi wako siioni."

"Imebaki huku."

"Imebaki kwa nani?"

"Kwenye mashine yangu."

"Sasa si uitume?"

Nikaituma. Tukaanza kuiweka kwa simu, yeye kwenye kiti chake karibu na vilima vya Pugu, mimi masjala Kibaha.

"Nenda kwenye Faili."

"Lipi, la semina au la posho?"

"La kwenye kioo, juu kushoto. Ukishalifungua, tafuta mipangilio, chini kabisa. Umeona mahali pa majalizi? Chini yake kuna kidirisha cha kuchagua aina. Chagua, kisha bonyeza hicho kitufe cha kwenda."

"Niende wapi tena, mzee? Mvua hii."

Kikapita kimya. Nasikia kipanya kinagonga, na mtu nyuma anauliza kama muhogo umeshaletwa.

"Sasa imeleta onyo la njano," akasema. "Inaniuliza kama namwamini aliyetengeneza kitu hiki."

"Jibu unamwamini."

"Mimi simjui."

"Hata mimi simjui."

"Sasa tunamwaminije mtu ambaye hatumjui sote wawili? Huku Kisarawe tumeuziwa viwanja na watu tuliokuwa tunawaona kwa macho, tukanywa nao chai, na kiwanja bado kikawa na wenyewe watatu."

Nimesoma maelezo mengi ya usalama wa kompyuta, yote marefu, na hakuna yaliyonipa swali zuri kuliko hilo. Tukakubaliana asibonyeze. Tukaulizana hali za watoto, tukaagana.

Lilikuwapo jalizi la aina nyingine, lile linaloishi kwenye intaneti. Hilo halijali biti wala muhuri wa faili. Linajali mtandao. Pale ukumbini Kisarawe mtandao hupatikana ukisimama mlangoni, na projekta haiwezi kusimama mlangoni.

Mwisho bosi akamwita afisa TEHAMA, yeye pekee mwenye neno la siri la msimamizi, akaja akaliweka jalizi kwenye laptopu ya bosi, kwa watumiaji wote wa mashine hiyo, kwa mamlaka yote aliyopewa. Bosi akataka muda ukiisha yatokee maandishi ya Kiswahili, makubwa, mekundu, ya kumeta, yapite ukutani mwote. Nikayaandika kama nilivyoagizwa: MUDA UMEKWISHA. Afisa TEHAMA akafunga begi lake akapanda basi la Dodoma.

Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, lakini dereva wetu haendi huko bila kuingia mkoa wa jirani: Mbezi, Kinyerezi, Banana, Gongo la Mboto, Pugu, ndipo unapanda Kisarawe ukiwa umeshachoka kabla ya semina. Mada yenyewe ilikuwa nzuri, tena ya lazima: mkaa na misitu, maana Pugu na Kazimzumbwi ziko hapo hapo mlangoni, na jiji zima la Dar es Salaam linapika. Barua ya mwaliko ilisema saa 2:30 asubuhi. Washiriki walikuwapo. Mgeni rasmi alikuwa njiani.

Alikuwa njiani saa tatu. Alikuwa njiani saa nne, wakati huo "ameshafika Gongo la Mboto". Bosi, kwa kutumia nafasi hiyo, alinifanya niijaribu saa tena na tena mbele ya ukumbi: dakika kumi zinapungua, maandishi mekundu yanameta, naanza upya. Mzee mmoja wa kamati ya msitu, Mzaramo wa kofia nyeupe, aliitazama kwa muda mrefu akamgeukia jirani yake.

"Hiyo inahesabu nini?"

"Sijui, mzee."

"Isije ikawa chai."

Mgeni rasmi akaingia saa tano kasoro. Tukasimama, tukaketi, tukatambulishwa, na bosi akataka jina la mgeni na picha yake viwe ukutani wakati akifungua semina, maana kulikuwa na mpiga picha. Slaidi ikawekwa. Jalizi, ambalo halijui mgeni rasmi ni nani, likaona slaidi imefunguka, likaanza kuhesabu.

Mheshimiwa alizungumza akiwa ameupa ukuta mgongo. Alikuwa bado kwenye salamu za viongozi wa juu dakika zilipofika sifuri, na juu ya kichwa chake, katikati ya picha yake mwenyewe, pakatokea MUDA UMEKWISHA, kwa herufi nilizozichagua mimi kwa agizo, zikawa zinameta. Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wa nyuma wakapiga makofi. Yeye akatabasamu, akaona wananchi wa Kisarawe wanamwelewa, akaongeza sauti.

Bosi akanikonyeza niizime. Kuifunga slaidi sikuweza, mpiga picha alikuwa anahitaji jina ukutani. Nikainama kwenye laptopu, nikaingia mipangilio, nikaingia majalizi, nikaondoa alama ya tiki. Ikanijibu kwa utulivu kwamba jalizi hili limesajiliwa kwa watumiaji wote na haliwezi kubadilishwa ila na msimamizi. Nikatoka mlangoni, penye mtandao, nikampigia msimamizi. Alipokea kwa kunong'ona: yuko ukumbini Dodoma, kuna mtu anawasilisha, nimpigie baadaye.

Niliporudi makofi yalikuwa yamekolea hadi mheshimiwa ameweka pembeni hotuba aliyoandikiwa. Akasema kwa kuwa amepokewa vizuri namna hii, anaomba aongeze mambo mawili ya mwisho. La kwanza lilikuwa na vipengele.