Barua ya Wazi kwa Adobe: Hongereni kwa Kufufua Nyarubanja

Kwa Uongozi wa Kampuni ya Adobe,
San Jose, California,
Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: PONGEZI ZA WAPIGA PICHA WA KARAGWE NA KYERWA

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Sisi wenye studio za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo tunawasalimu kwa heshima zote. Wazee wetu walidhani nyarubanja, ule ukabaila wa mashamba, ilizikwa mwaka 1965, Bunge lilipotunga sheria ya kuwakomboa watwarwa katika mkoa huu, enzi hizo ukiitwa Ziwa Magharibi. Kabla ya hapo mtwarwa, yaani mpangaji, alilima shamba la mtwazi, yaani mwenye ardhi, na kulipa kodi mwaka baada ya mwaka, na shamba halikuwa lake hata alilime mpaka mgongo upinde.

Ninyi mmeirudisha bila askari wala bakora. Mei 2013 mlitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop hayatauzwa tena, yatakodishwa tu. Toleo la mwisho ambalo mtu aliweza kulinunua likawa lake ni CS6, la mwaka 2012. Mwaka huohuo Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya. Basi Kyerwa ina sifa yake: tangu mwaka wake wa kwanza upite, haijatoka Photoshop mpya ikawa mali ya mtu.

Hesabu yenu tumeifuatilia kwa unyenyekevu. Januari 2025 waliokuwa wakilipia mpango wa picha kila mwezi mliwapandishia kutoka dola 9.99 hadi 14.99. Waliolipa mwaka mzima kwa mkupuo mkawaacha palepale. Huo ndio uungwana: mwenye nacho apumzike, anayedunduliza aongezewe mzigo. Kwa mwaka ni karibu dola 180. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, zinakaribia laki nne na nusu, na mwakani zinaanza upya.

Kinachotufurahisha zaidi ni imani yenu kwamba kila binadamu hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Huku fedha hufuata kahawa. Mkulima huchuma, huanika, hupeleka chama cha msingi, husubiri mnada, kisha husubiri malipo. Zikiingia ndipo mahari humaliziwa, ukumbi hukodiwa na mpiga picha hukumbukwa. Nje ya msimu, mteja wetu mkubwa ni mwanafunzi anayetaka paspoti nne, naye anaomba punguzo. Mtwazi wa zamani alidai kwa mwaka. Ninyi mnabisha hodi mara 12.

Tumependa pia mlango wenu wa kutokea. Mwenye mkataba wa mwaka anaoulipia kwa mwezi, akijitoa baada ya siku 14 za mwanzo, hutozwa nusu ya malipo ya miezi iliyobaki. Juni 2024 serikali ya nchi yenu iliwapeleka mahakamani ikidai kwamba ada hiyo mliificha ili wateja wasiione. Wamarekani hawana subira. Wangeuliza huku, wangeambiwa kwamba mpangaji mwema hasomi mkataba.

Kwa kuwa mwanafunzi humwiga mwalimu, tumeazimia kuacha kuuza albamu za harusi. Bibi harusi atalipia albamu yake kila mwezi. Akikosa mwezi wa kwanza, mapambo ya ukumbi yatafifia. Mwezi wa pili, mashangazi watatoweka kwenye picha ya ukoo. Mwezi wa tatu ataondoka bwana harusi, na keki ibaki peke yake. Akitaka kuachana nasi kabla mwaka haujaisha, atalipa nusu ya miezi iliyobaki, kama ilivyoandikwa nyuma ya risiti kwa herufi ndogo.

Hata hivyo, wakaidi hawakosekani. Wapo vijana wenye Photoshop iliyovunjwa kufuli, inayopita mkono kwa mkono ndani ya flashi pamoja na virusi vyake. Hao hatuwatetei: anayekwepa kodi bado yumo shambani mwenu, tena analala kwa hofu. Wabaya zaidi ni wanaotoka kihalali. Wanahariri kwa GIMP, iliyoanza kutolewa mwaka 1996 na haijamdai mtu senti. Faili ghafi za kamera wanazisafisha kwa darktable, nayo ya bure. Wengine walinunua Affinity Photo ya kampuni ya Serif ya Uingereza: toleo la pili lilitoka Novemba 2022 kwa dola 69.99, ulilipa mara moja, bei isiyofika miezi mitano ya kodi yenu.

Nao tumewatahadharisha. Canva iliinunua Serif mwaka 2024, na Oktoba 2025 Affinity mpya ikatolewa bure, mradi uwe na akaunti ya Canva. Bure ya tajiri ni tamu, lakini hati ya shamba inabaki kabatini kwake. Akibadili nia, wewe hukununua wala yeye hakukuuzia. GIMP na darktable ni tofauti, kwa kuwa msimbo wa zote mbili uko wazi na nakala uliyonayo hakuna wa kukunyang'anya. Chombo ni chako ikiwa siku utakayoacha kulipa kitaamka kama kawaida.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mtuuzie toleo moja dogo, hata lisilo na akili mnemba. Kazi zetu ni kuweka bakgraundi ya bluu, kufuta chunusi na kumfumbua macho mjomba aliyesinzia mezani. Pili, mkishindwa hilo, tulipe kwa msimu: kahawa ikiuzwa tulipe, msimu ukiisha tusimame bila faini.

Tukikosa jibu hadi kahawa ya msimu huu imalizike kuuzwa, tutafanya utovu wa nidhamu. Tutakaa na vijana wetu jioni tukiwafundisha GIMP, kitufe kwa kitufe, mpaka bei yenu waisahau.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapiga picha wa Karagwe na Kyerwa

Nakala: Mabibi harusi wote wa msimu huu. Lipeni mapema, mashangazi wasije wakapotea.