Shangazi, Gemu Hazininogei Tena

Nina miaka 38. Zamani nilikuwa nakesha na Winning Eleven, ile gemu ya soka. Siku hizi nawasha mashine, nasubiri gemu ipakue nyongeza zake, nazima, nalala. Mke wangu anasema nimekua. Mimi naogopa nimezeeka. Nifanyeje?
Pedi Yenye Vumbi, Temeke

Mwanangu, cheti chako cha kuzaliwa hakina kosa. Pita barazani jioni, pwani yoyote, uwaone wazee wamelizunguka bao la mashimo 32 na kete 64. Kete za mkononi zikiisha na mtaji ukianza, kahawa inapoa vikombeni na hakuna anayeikumbuka. Umri ungekuwa unaua hamu ya kucheza, baraza hizo zingeota nyasi. Ila hakuna anayemwambia mzee kwamba bao lake limepitwa na wakati, wala kumdai ahudhurie kila siku. Sasa itazame Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018: kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150, kisha inakutaka umsugue farasi kwa brashi, usafishe bunduki na unyoe ndevu. Mtu ametoka kazini, kapigana na foleni ya Mbagala, ndipo aanze kusugua farasi! Fortnite nayo ina misimu, na zawadi za msimu zina tarehe ya mwisho. Hiyo ni zamu ya pili, tena haina mshahara.

Wapo watakaokwambia ni vidole vimechoka. Hawajakosea kabisa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha matokeo ya wachezaji zaidi ya 3,300 wa gemu ya StarCraft II, wenye miaka 16 hadi 44, na wakaona wepesi unaanza kushuka mtu akiwa na miaka 24 tu. Lakini waliona pia kuwa wakubwa hujifidia kwa mbinu rahisi zaidi. Na hata bila fidia hiyo, wepesi ukipungua utafungwa mabao mengi; miayo yako inatoka kwingine. Wengine watasema unalilia ujana, kwamba gemu za zamani nazo nyingi zilikuwa takataka. Zilikuwa takataka, kweli. Ila Desemba 2023 aliyeifikisha Tetris ya Nintendo mpaka ikaganda yenyewe, wa kwanza kujulikana, alikuwa mvulana Mmarekani wa miaka 13, na gemu hiyo ni ya mwaka 1989. Huyo alikuwa analilia ujana upi? Kanuni za Tetris unazielewa kwa dakika moja, na ukishindwa unaanza upya papo hapo.

Kwa hiyo futa hiyo inayokuchukua usiku mzima kupakua, ubaki na inayoisha kabla wali haujaiva. Pedi ya pili mpe mkeo, na usimwachie afunge.