Njia ya Kwenda Jikoni

Mama alivunjika nyonga, na hata baada ya kutibiwa miguu haikurudi kumbeba. Tulimteremsha kutoka Sumbawanga mjini kwa barabara ya kona za Lyamba lya Mfipa, kiti cha magurudumu kimefungwa kamba juu ya magunia. Kibaraza cha nyumba yake Milepa kina kimo cha sentimita 45. Marehemu baba alikipandisha makusudi, kwa kuwa masika huku bondeni maji hayabishi hodi.

Fundi mwashi akamwaga zege, akatoa mteremko wa mita moja na nusu. Tuliujaribu kwa gunia la mpunga kabla ya kumpandisha mama. Kwenda juu, vijana wawili walisukuma hadi jasho likawatoka. Kurudi chini, kiti kiliwaponyoka, kikagonga mwembe, gunia likapasuka na kuku wa mtaa mzima wakafika. Mama aliona yote dirishani.

Kipimo cha wajenzi ni kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Kwetu hizo ni mita 5 na sentimita 40, na mwembe uko katikati. Mama akasema mwembe haukatwi. Njia ikavunjwa, ikajengwa upya kufuata ukuta, na kwenye kona ikawekwa sehemu bapa ya kupumzikia.

Mlango wa sentimita 70 ulimchuna vidole, ukapanuliwa hadi 90 na kizingiti kikang'olewa. Mvua za kwanza zikaingia hadi kwenye magodoro! Ikabidi uchimbwe mfereji mbele ya mlango, ukafunikwa kwa wavu wa nondo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Lakini mgonjwa halali ofisini, anarudi nyumbani, na kipimo kile cha mteremko kingepaswa kujulikana na kila fundi wa kijijini.

Sisi wanawe tulikuwa tumekazana na choo: kiti cha matofali juu ya tundu, bomba la kushikia ukutani. Mama akaniita. "Baba, chooni hata mjukuu atanipeleka. Mimi nataka jikoni. Nimechoka kupakuliwa kama mgeni."

Mafiga yako chini, naye hawezi kuinama. Fundi akaja kujenga meko ya kuinuliwa, iliyo wazi chini ili magoti yaingie. Kabla ya kugusa tofali alichuchumaa, akampima mama kutoka ardhini hadi magotini.

"Punguza vidole viwili," mama akamwambia. "Ugali unasongwa kwa kuukandamiza kutoka juu."