Hongera kwa Kukusanya Sahihi: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hospitali Yetu ya Kaunti

Waheshimiwa wanabodi,

Naandika kuwapongeza. Mmegundua kwamba ridhaa ya mgonjwa haihitaji mgonjwa aelewe chochote, kalamu inatosha. Juzi nilijionea wodini. Mama yuko kwenye machela, kofia ya thieta kichwani, dripu mkononi, nesi amemwekea pajani fomu ya Kiingereza.

"Tia sahihi hapa, Mama, wanakusubiri."

"Wanatoa uvimbe, au wanatoa kizazi chote?"

Nesi akaitazama fomu. "Daktari atakueleza."

Daktari alikuwa ameshavaa glavu.

Wapo wachokozi watakaowatajia Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ati mgonjwa aelezwe hali yake, njia nyingine za matibabu, faida, hatari, gharama na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa. Msibabaike. (Wakati mwingine hata mgonjwa mnamruka, mnamsainisha mume, ingawa mwenye tumbo yuko macho na kitambulisho anacho.)

Shida yenu ni yule nesi wa zamu ya usiku. Ana tabia ya kumwuliza mgonjwa, "Hebu niambie mwenyewe, kesho unafanyiwa nini?" Akijibiwa "sijui", haandiki jina lake penye shahidi. Anampigia daktari simu aje aeleze, ati kueleza upasuaji ni kazi ya mshika kisu, na yeye hawezi kushuhudia maelezo ambayo hayakutolewa. Mgonjwa akiwa ameshachomwa dawa ya kumlegeza, sahihi yake haitaki kabisa. Kisha anayaandika yote kwenye faili, na saa. Mkampa barua ajieleze kwa nini anachelewesha thieta. Mlifanya vyema, maana wenzake wangemuiga.

Tena anawasumbua na orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inayotaka kabla ya dawa ya usingizi mgonjwa mwenyewe athibitishe jina lake, upasuaji wake, sehemu inayopasuliwa na ridhaa yake. Kwenu kisanduku hicho hutiwa tiki mgonjwa akiwa bado wodini.

Napendekeza sahihi zikusanywe getini, pamoja na ada ya kuegesha gari. Mimi nimetangulia: nimeambatisha karatasi tupu yenye sahihi yangu, kiungo mtajaza wenyewe. Ila mkono wa kulia mniachie, ndio ninaotilia sahihi.

Wenu mtiifu,
Mgonjwa Mtarajiwa