Kambare wa Ofisini

Katika ofisi moja mjini Nyamira, ambako umeme huondoka bila kuaga kila mvua ya alasiri inapoishukia milima ya chai, mkuu wa idara aliamuru liwekwe tangi la kioo lenye samaki, ili wageni wanaongojea sahihi yake wapate liwazo. Na kwa kuwa fungu la pampu ya hewa halikupitishwa, karani mmoja mwerevu, aliyeyakumbuka mabwawa ya samaki ambayo serikali ya Kenya mwaka 2009 iliazimia kuyachimba, 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, akaleta vifaranga vya kambare, viumbe waliojaaliwa kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, wasiohitaji waya wala zabuni. Hao, wallahi, ndio watumishi pekee mle ndani wasioacha kazi taa zikizimika. Tarishi huwabadilishia maji kidogo kila asubuhi, huwatilia chembe za dagaa, kisha huwahesabu; na hesabu haitimii kamwe, kwa maana kambare mdogo akizidiwa umbo na nduguye humezwa kimya kimya, pasipo barua ya uhamisho, na aliyemmeza huonekana kesho yake amenawiri, tayari kupandishwa cheo.